Nani Mwanafunzi, Nani Msaidizi? Historia ya Mafunzo ya Uwandani katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Gombe hadi Ilagala

Utangulizi

Mwanafunzi wa anthropolojia anayetafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo nchini Tanzania hukabiliwa na ugumu ambao mwenzake wa uhasibu, sheria au uhandisi haujui. Mwenzake ana mahali pa kupeleka barua ya utambulisho: benki, mahakama, karakana. Yeye hana. Somo lake ni watu, na watu hawana dirisha la kupokelea barua. Ndiyo maana wengi huishia katika ofisi za maendeleo ya jamii au katika mashirika yasiyo ya kiserikali, ambako hujaza fomu na kuandika taarifa za semina, kisha hurejea chuoni na daftari lililopigwa mhuri ipasavyo, lakini lisilo na jambo ambalo mwanaanthropolojia angeliita data.

Makala haya yanalitazama tatizo hilo kwa jicho la historia. Yanauliza: nafasi za kujifunza anthropolojia uwandani zilipatikanaje huko nyuma, na zilikuwa za nani? Eneo linaloshughulikiwa ni mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Kaskazini mwa mji wa Kigoma ipo Gombe. Mbali kusini ipo milima ya Mahale. Na katikati, pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani, ipo Ilagala, ambayo leo imo katika Wilaya ya Uvinza. Sehemu mbili za kwanza zinajulikana katika vyuo vikuu vya mabara yote. Ya tatu watafiti huipita wakielekea kusini.

Hoja inayotetewa ni kwamba katika mwambao huu mafunzo ya uwandani hayakukosekana. Yalikuwepo kwa miongo mingi mfululizo, tena ya kiwango cha juu. Kilichokosekana ni utambuzi wa mwenyeji kuwa naye alikuwa akijifunza. Mgeni aliyeingia msituni na daftari aliitwa mwanafunzi. Mwenyeji aliyetembea hatua mbili mbele yake, akiona yale yale na baadaye kuyaandika, aliitwa msaidizi. Tofauti hiyo ya majina ilizaa tofauti ya vyeti, na tofauti ya vyeti ndiyo iliyoamua jina la nani liandikwe juu ya jalada la kitabu.

Kuhusu istilahi

Kiswahili cha vyuoni kina maneno matatu yanayokaribiana. La kwanza ni mafunzo kwa vitendo, ambalo ndilo la nyaraka za vyuo. La pili ni fildi, ambalo ndilo la wanafunzi wenyewe: huulizana umepata fildi wapi, si umepata mafunzo wapi. La tatu ni utarajali, lililozoeleka kwanza kwa madaktari na sasa likitumiwa na serikali kwa wahitimu wa fani zote. Neno fildi lina utata wenye manufaa kwa mjadala huu, kwa kuwa linabeba maana mbili ambazo anthropolojia imezichanganya tangu mwanzo: mahali pa kufanyia utafiti, na kipindi cha kujifunza kazi. Katika taaluma nyingine hivyo ni vitu viwili. Katika anthropolojia mtu hufuzu kwa kwenda uwandani, na asipokwenda hajafuzu hata kama amesoma maktaba nzima.

Msaidizi kabla ya mwanafunzi

Desturi ya kumficha mwenyeji nyuma ya neno msaidizi ni kongwe kuliko taaluma yenyewe. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 walikuwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa Uyao aliyekuwa ameuzwa utumwani na kupelekwa India. Bombay alirudi tena barani pamoja na Speke, kisha na Stanley, kisha na Cameron. Kwa uzoefu wa safari hakuna kati yao aliyemfikia, ila katika vitabu vyao anatajwa kama mtumishi, mara mwaminifu, mara msumbufu.

Anthropolojia ilipokuja kuwa somo la chuo kikuu ilirithi mpangilio huo. Katika miaka ya 1930 Monica na Godfrey Wilson walifanya utafiti Unyakyusa, kusini mwa Tanganyika, wakimtegemea Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao, ambaye mchango wake ulikuja kupewa uzito unaostahili na wanahistoria wa taaluma miongo mingi baadaye. Lakini Monica Wilson huyo huyo, aliporudi Afrika Kusini, alishirikiana na kijana Archie Mafeje katika utafiti wa kitongoji cha Langa, Cape Town, na kitabu kilichotoka mwaka 1963 kilibeba majina yote mawili. Mafeje alikuja baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuongoza Idara ya Sosholojia kuanzia 1969 hadi 1971, halafu akawa miongoni mwa wakosoaji wakali wa anthropolojia kama taaluma iliyolelewa na ukoloni. Ukosoaji wake husomwa kwa kawaida kama nadharia. Si vibaya kukumbuka kwamba uliandikwa na mtu aliyewahi kuifanya kazi ya msaidizi kwa miguu yake.

Gombe: mafunzo kupitia mlango wa sokwe

Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall alishuka ufukoni Gombe, akiwa na mama yake kwa sababu serikali ya kikoloni haikukubali akae huko peke yake. Hakuwa na shahada. Aliyempeleka alikuwa Louis Leakey, ambaye alikuwa amemwajiri kama katibu wake katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, na ambaye aliamini kwamba maisha ya sokwe yangetoa mwanga juu ya maisha ya binadamu wa kale. Kwa lugha ya leo tungesema Goodall alipata nafasi ya utarajali kwa kujuana na mwenye ofisi. Kusema hivyo si kumpunguzia heshima. Ni kuonyesha kwamba hata nafasi iliyobadili sayansi haikutangazwa popote.

Gombe ilipopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, tayari ilikuwa ikipokea wanafunzi kutoka Marekani na Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uhusiano na Chuo Kikuu cha Stanford, kupitia programu yake ya biolojia ya binadamu, uliwaleta hata vijana wa shahada ya kwanza. Upande wa Tanzania, Goodall alipewa nafasi ya profesa mgeni katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, katika fani ya zoolojia. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa swali letu ni kubwa. Nchini Marekani, utafiti wa nyani na sokwe huhesabiwa kuwa tawi la anthropolojia, hivyo kijana wa huko aliweza kufika Gombe akijihesabu mwanafunzi wa binadamu. Dar es Salaam, njia ilipita kwa wanyama. Mwanafunzi wa sosholojia wa Mlimani hakuwa na sababu ya kitaaluma ya kupanda mtumbwi kuelekea Gombe.

Wakati huo huo kundi jingine lilikuwa likisoma hapo hapo bila kusajiliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mwanafunzi mmoja mtafiti kuanguka genge na kufariki akiwa peke yake msituni, uliwekwa utaratibu kwamba kila mwanafunzi afuatane na mwenyeji. Wenyeji hao waliajiriwa kwanza kwa ajili ya usalama. Lakini mtu hawezi kufuatana na wachunguzi mwaka baada ya mwaka asijifunze kuchunguza, na wengi wao waliujua msitu kuliko wale waliokuwa wakiwalinda. Walijifunza kumtambua kila sokwe kwa sura, kuandika muda, mahali na chakula, na kutofautisha mwito mmoja na mwingine. Januari 1974 mmoja wao, Hilali Matama, alishuhudia madume wa kundi la Kasakela wakimshambulia dume wa kundi la Kahama lililokuwa limejitenga. Hilo lilikuwa shambulio la kwanza kuonekana la aina yake, na lilibadili picha ambayo dunia ilikuwa nayo juu ya sokwe. Aliyeliona hakuwa mwanafunzi wa chuo chochote.

Mwaka 1974 na 1975

Miezi michache baadaye yalitokea mambo mawili ambayo, kwa kadiri ya usomaji wangu, hayajawahi kuwekwa pamoja.

La kwanza ni Azimio la Musoma la Novemba 1974. Chama kiliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa amalize Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwanza, na apate mapendekezo ya mahali alipofanya kazi ndipo aombe nafasi ya masomo. Kwa maneno mengine, mpangilio uligeuzwa: badala ya mwanafunzi kutafuta kazi ya kujifunzia, mfanyakazi ndiye aliyetafuta chuo. Azimio lilikuwa na upungufu wake, na masharti yake yalilegezwa baadaye. Hata hivyo lilikuwa na wazo moja ambalo anthropolojia ingelinufaika nalo: kwamba kazi iliyofanywa kabla ya shahada nayo ni elimu, na kwamba waliofanya kazi pamoja na mtu wana neno la kusema juu ya sifa zake.

La pili lilitokea usiku wa tarehe 19 Mei 1975. Watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa Zaire na kuwateka Gombe vijana wanne, watatu wa Stanford na mmoja raia wa Uholanzi. Watekaji walikuwa wa chama cha mapinduzi kilichoongozwa na Laurent Kabila. Mateka wote walikuwa wameachiliwa kufikia mwishoni mwa Julai. Baada ya hapo wanafunzi wa kigeni waliondoka, na Goodall mwenyewe kwa kipindi fulani hakuweza kuishi Gombe kama zamani.

Utafiti haukusimama. Waliobaki waliendelea kuamka kabla ya alfajiri na kuwafuata sokwe hadi wanapojenga viota jioni, na waliandika walichokiona kwa Kiswahili. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Yapo maelfu ya kurasa za Kiswahili, zilizoandikwa siku kwa siku kwa miongo kadhaa na watu wa vijiji vya Kigoma, zikieleza mwenendo wa viumbe kwa usahihi ambao jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi imeutegemea. Hii ni mojawapo ya hazina kubwa za nathari ya kisayansi katika lugha yetu. Kwa ajili ya matumizi ya watafiti hutafsiriwa kwa Kiingereza, na kumbukumbu za Gombe zilikusanywa Marekani, kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota na baadaye Duke. Idara zetu za Kiswahili zinazochambua mitindo ya uandishi hazijaigusa hazina hiyo inavyostahili, na idara za anthropolojia hazijauliza ni nini kiliwafundisha waandishi wake kuona.

Kasoge na Watongwe

Kusini mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Chuo Kikuu cha Kyoto kilianza safari zake za utafiti mwaka 1961, chini ya Imanishi Kinji na Itani Junichiro, katika eneo la Kabogo. Mwaka 1965 Nishida Toshisada, wakati huo mwanafunzi wa uzamili na uzamivu, alipiga kambi Kasoge chini ya milima ya Mahale. Tofauti na Gombe, Wajapani walijifunza kutoka kwa jamii moja mahususi, Watongwe, na hawakuweza kuwatenganisha sokwe na watu. Ili kujua sokwe anakula nini ilibidi kujua mti unaitwaje, na jina la mti lilikuwa la Kitongwe. Orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe ambayo Nishida aliichapisha pamoja na Uehara mwaka 1981 ni kitabu cha darasa ambalo walimu wake walikuwa wawindaji na warina asali.

Kutoka mzizi huo lilichipuka tawi la anthropolojia halisi. Kakeya Makoto alifika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kusoma maisha ya Watongwe: kilimo chao cha kuhamahama, uvuvi, ukarimu kwa wageni, na hofu ya uchawi inayomzuia mtu kujilimbikizia. Hakuishia kuuliza maswali. Alipitia jando la waganga na kupokelewa kuwa mganga. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mafunzo kwa vitendo, na safari hii ngazi ziligeuka: mtu wa chuo kikuu ndiye aliyekuwa mwanagenzi, na waganga wa Kitongwe ndio waliomfuzisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kakeya alishiriki katika kujenga ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, juu ya maendeleo ya vijijini. Alichofunzwa na Watongwe kilifika hatimaye mbele ya wanafunzi wa Kitanzania, lakini baada ya robo karne na kwa kupitia Kyoto.

Watongwe wenyewe hawakubaki pale walipokuwa. Operesheni za vijiji za miaka ya 1970 ziliwatoa milimani na kuwakusanya mwambaoni, na mwaka 1985 Mahale ikawa Hifadhi ya Taifa. Darasa lilibaki, walimu walihamishwa.

Mfano uliowezekana

Isidhaniwe kwamba Tanzania ya wakati huo haikuwa na mawazo mengine. Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia wa Kifini aliyekuwa na kituo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwatumia wanafunzi wa chuo katika tafiti za vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kutokana na uzoefu huo ukazaliwa mradi wa Jipemoyo katika Wilaya ya Bagamoyo. Humo watafiti wa Kitanzania na wa Kifini walifanya kazi pamoja na wanavijiji, kwa Kiswahili, wakishirikiana kuamua nini kichunguzwe. Utafiti shirikishi unaofundishwa leo duniani una moja ya mizizi yake hapo. Haukupelekwa Kigoma. Kigoma ilikuwa mbali, reli ilikuwa ya polepole, na mwambao ulikwisha kuzoeleka kuwa mahali pa sokwe.

Walipokuja wanaanthropolojia wa binadamu, walifuata wakimbizi. Liisa Malkki alifanya utafiti wake wa uzamivu mwaka 1985 na 1986 miongoni mwa Wahutu wa Burundi, katika makazi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma, na kitabu chake cha mwaka 1995 kinasomwa kila mahali inapofundishwa mada ya ukimbizi. Baada ya vita vya miaka ya 1990 mkoa ulijaa kambi, kati yake Lugufu na Nyarugusu, na kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa sayansi ya jamii alipata Kigoma mashirika mengi ya kupelekea barua. Nafasi ziliongezeka sana. Lakini zilikuwa nafasi za aina moja: kuhoji kwa dodoso, kuhesabu kaya, kuandika taarifa kwa mfadhili. Kijana aliyetoka huko alijua kujaza jedwali na hakujua kukaa kimya kibarazani kwa mtu mpaka mazungumzo yaanze yenyewe.

Ilagala

Kwa nini basi Ilagala? Kwa sababu haina kituo cha utafiti, na mambo ya kujifunza yako wazi barabarani.

Kivuko cha Malagarasi pekee kinatosha kumshughulisha mwanafunzi kipindi kizima. Katika karne ya 19 watemi wa Uvinza walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kuvuka mto huu sehemu za juu. Stanley alilalamika sana juu ya malipo hayo mwaka 1871. Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikipikwa tangu karne ya 5 au ya 6, kama uchimbaji wa Sutton na Roberts ulivyoonyesha, na ilisafiri mbali kwa njia zile zile. Mwanafunzi anayeketi gatini leo akatazama nani anavuka kwanza, nani anasubiri, nani anabebewa mzigo, anasoma sura ya karibuni ya historia ndefu ya mto na wenye mto. Kuna mawese, ambayo serikali imeyatilia mkazo mpya tangu 2018, na pamoja nayo swali la nani anamiliki mchikichi na nani anamiliki ardhi uliposimama. Kuna Wavinza, Watongwe, Waha, Wabembe na Wamanyema, kila mmoja na maelezo yake ya nani alitangulia.

Kuna pia dagaa. Uvuvi wa taa hufuata mwezi: usiku wa mbalamwezi wavuvi hupumzika, na giza likirudi hurudi ziwani. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Vyuo huwapeleka wanafunzi wao fildi katika likizo ndefu, katikati ya mwaka. Yaani mwanafunzi aliyepangiwa kusoma uvuvi mwaka huo angekuta mitumbwi imepinduliwa ufukoni kwa sehemu kubwa ya muda wake. Mwanaanthropolojia aliyefundwa vizuri angefurahi, kwa kuwa kaya huonyesha mengi zinapokosa kipato chake cha kawaida. Aliyeagizwa kujaza dodoso la mavuno ya samaki angeomba kuhamishwa.

Linabaki swali la barua. Utaratibu wa sasa huitoa barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, kisha kwa Mtendaji wa Kata, na mwisho kwa Mtendaji wa Kijiji. Katika ngazi zote hizo kijiji huhesabiwa kuwa mahali panapoombewa kibali, si taasisi inayopokea mwanafunzi. Mtazamo huo hauna msingi wa kisheria. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ni chombo chenye hadhi yake kisheria: kinaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Chombo kinachoweza kuingia mkataba kinaweza pia kupokea mwanafunzi, kumteulia msimamizi kati ya wazee, wavuvi au waendesha kivuko, na kumtathmini mwishoni. Ofisi ya kijiji ina mhuri, na fomu za vyuo zinadai mhuri. Kinachohitaji kubadilika ni kipengele kimoja katika miongozo ya mafunzo kwa vitendo, kile kinachomtaka msimamizi wa uwandani awe na shahada, na hicho kiko ndani ya mamlaka ya idara zenyewe.